Mtani wa Kamanda

Goweko nzima ilimwita Wilbroad Kamanda, na katika Goweko nzima Rustika alikuwa na ruhusa ya kumtukana mchana kweupe. Walikuwa watani. Ukoo wa huku na ukoo wa kule walitaniana tangu mababu wa mababu zao walipobeba pembe za ndovu za matajiri kwenda pwani. Inasimuliwa kwamba huko Mgunda Mkali, pasipo na tone la maji, babu wa huku alimnywesha babu wa kule maji ya mwisho ya kibuyu, na kuanzia hapo ikawa mwiko mmoja kumkasirikia mwenzake. Hawa wanaweza kuingia jikoni kwa wale, wakafunua chungu, wakala, wakaondoka. Wale wanaweza kumwita bwana harusi wa hawa mbwa koko, naye akajibu ahsante.

Msibani ndipo mambo hukolea. Mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea kama marehemu, huusema ubahili wake na ulevi wake mbele ya jeneza, na wafiwa hucheka huku kamasi zinawatoka. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umejiletea mkosi.

Sasa, utani mtamu ni ule wa kupigana sawa kwa sawa, na Rustika hakuwahi kuuonja. Wilbroad alikuwa na fimbo moja tu ya kumchapia, akaitumia mpaka ikang'aa. Fimbo yenyewe ilikuwa Marko.

Marko alikuwa kaka yake Rustika. Yeye na Wilbroad walizaliwa masika moja, wakabatizwa pamoja, wakaingia mgambo pamoja, na vita vya Kagera vilipowadia wakapanda treni pamoja hapo hapo stesheni ya Goweko, vijana wa miaka kumi na tisa wenye buti mpya zinazowauma. Rustika alikuwa na miaka kumi, amebebeshwa kikapu cha michembe, viazi vilivyokaushwa, na karanga za safari. Alimsikia baba yao akimshika Marko bega na kumwambia, "Kwetu mtu hatupi mzigo." Ni maneno ya wapagazi wa kale. Mpagazi aliyetupa mzigo porini akakimbia, alirudi kwao akakuta hata mkewe hampikii.

Wakaenda wawili, akarudi mmoja. Alirudi na kovu pajani na sifa za kujaza mtaa, watu wakachinja. Baba yao Rustika alingoja wageni wapungue, ndipo akauliza kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Mwanangu, mwenzako yuko wapi?"

Wilbroad akaangalia vidole vya miguu yake. "Baba, nisamehe. Marko alitupa bunduki akakimbia. Makombora yalipoanza, pale mtoni. Watu walimwona."

Basi. Maneno yenyewe hayajai hata kiganja, lakini yalilisha kijiji kwa zaidi ya miaka arobaini.

Aliyekufa vitani huliliwa, huwekewa matanga, husomewa misa, mtoto wa kwanza kuzaliwa baada yake hupewa jina lake. Marko hakupata hata kimoja. Maiti haikuwepo, taarifa haikuwepo, aibu ndiyo ilikuwepo. Wengine wakasema yuko Uganda, ameoa, ana duka la vitenge. Baba hakumlilia wala hakumlaani. Alikaa tu. Aliacha kilabu cha pombe ya mtama, aliacha benchi la mbele kanisani, akahamia la nyuma karibu na mlango, na baada ya mavuno mawili matatu akafa hivyo hivyo, amekaa.

Rustika alibaki kukua ndani ya jina hilo. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu alimwalika Kamanda aje kuwasimulia watoto Siku ya Mashujaa. Kamanda akaja na koti lake la jeshi, akasimulia mto, moshi na milio. Alipofika pale akapunguza sauti: "Mmoja wetu alikimbia. Simtaji jina." Alikuwa na haja gani ya kumtaja? Darasa zima liligeuza shingo kumtazama Rustika, pamoja na mwalimu. Toka siku ile wakamwita Mbio. Na mtoto wa watu alikuwa mnene, hata kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa inamwacha darasani.

Alipofika umri wa kuposwa, mshenga alitoka Igalula kwa niaba ya kijana mmoja mpole, Karoli, mwenye mikono ya kazi. Mshenga akakaribishwa, akala, akasifu nyumba. Akapita kilabuni kunywa kidogo kabla ya treni. Hakurudi. Karoli alikwenda kuoa huko Ndono. Rustika alikuja kuolewa na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto wake tayari, mtu ambaye alikuwa amechelewa sana kuchagua. Alimzalia wawili, akamzika, akabaki na shamba la tumbaku na bani lake la kukaushia, na ulimi ambao hata mbwa waliuogopa.

Kwa Kamanda tu ndipo ulimi ule ulikosa makali. Wakikutana sokoni, "We Mbio! Shikilia kikapu hicho, damu ya kwenu isije ikakitupa!" Kwenye harusi ya binti yake, "Mfungieni mama mlango, kwao wakisikia ngoma wanadhani kombora!" Watu wanacheka. Na yeye anacheka, kwa sababu mtani asipocheka ndiye mwenye kosa. Alijifunza kucheka kama watu walivyojifunza kumeza kwinini, bila kuigusisha ulimi.

Masika ya mwaka juzi Kamanda akaugua. Homa ilimshika mpaka macho yakawa ya manjano. Mkewe, Adelina, alikuwa amekwenda Tabora, kwa binti yao anayekaa mtaa wa Chemchem, kutafuta dawa. Rustika akapeleka uji, maana mtani huuguza pia, si kutukana tu.

"Mtani," Kamanda akasema, "leo usinitanie."

"Nikutanie nini? Umebaki mifupa mitupu. Hata fisi akikuona atasonya."

Hakucheka. Alikuwa anatazama paa. "Marko hakukimbia."

Rustika alikuwa ameshika kikombe. Akaendelea kukishika.

"Mimi ndiye nilitupa bunduki. Niliingia kwenye migomba nikalala kifudifudi, nikajikojolea. Marko alikuwa ameshavuka, akarudi kunifuata. Akanishika kola. Akanitukania mama yangu, akanitukania bibi yangu, matusi yenu yote ya utani, mpaka nikacheka, Rustika. Nilicheka, nikasimama. Tulipotoka tu, kipande kikampata tumboni. Alikuwa hai. Akanyoosha mkono. 'Wilbroad, nipe mkono. Wilbroad, nipe mkono.' Nilikuwa mbali naye kama mlango ule."

"Ukampa?"

Akafumba macho. "Usiku wakauliza, tulimwona mtu akikimbilia migombani, alikuwa nani? Nikasema Marko. Yeye hakuwa na mdomo tena wa kukataa." Kisha akaongeza, kama anayetaka kuhurumiwa: "Nilikuwa mtoto. Miaka kumi na tisa."

"Na yeye alikuwa na mingapi?" Rustika akauliza.

Hakumwagia ule uji. Wengi wetu tungemmwagia. Alimnywesha, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko akamwambia utasema mbele za watu. Na Kamanda akaapa: nikipona, Jumapili ya kwanza, baada ya matangazo, nitasimama.

Akapona. Shetani naye ana dawa zake. Jumapili ile Rustika alikaa benchi la mbele, lile la baba yake, amevaa kitenge kipya. Matangazo yakaisha. Kamanda akasimama kweli. Akamshukuru Mungu, akaishukuru jumuiya, akaushukuru mchuzi wa kuku wa Adelina, akaketi.

Nje, mbele ya wanaume, Rustika akamfuata. "Kamanda, kuna kitu umesahau."

"Nimesahau nini, Mbio? Ile homa ilikuwa kali, jamani! Mtu anaota mpaka anaongea na mbuzi." Akamfinya shavu. Wanaume wakacheka, na Rustika, kwa mazoea ya maisha yake yote, akajikuta meno yako nje.

Akaenda kwa Jonasi, kaka yao mkubwa, ambaye ndiye mwenye nyumba sasa. Bila Jonasi kuita ukoo hakuna matanga. Alimkuta anapanga majani ya tumbaku kwa daraja, miwani puani.

"Kaka, Marko alikufa. Alikufa akimwokoa yule mjinga. Ameniambia kwa mdomo wake."

Jonasi alisikiliza yote. Mikono yake ilisimama, ikaendelea. "Mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Rustika, mimi nimejenga, nimesomesha. Watu wamesahau. Unataka kufukua?"

"Wamesahau? Kaka, nina wajukuu na bado naitwa Mbio."

Jonasi akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kutazamwa. "Aseme mwenyewe mbele za watu. Au watu wa kwao wakubali kwamba ni kweli. Hapo nitachinja fahali wangu, ukoo wote utakuja, tutamlilia mdogo wangu kama mtu. Bila hivyo, tutaita watu waje kumlilia nani? Mwenye duka Uganda?"

Toka hapo Rustika hakuwa na kazi nyingine moyoni. Fahali wa Jonasi alikuwa pale zizini, anazidi kunenepa, na Kamanda alikuwa pale sokoni, anazidi kutania. Akambana kisimani, akambana kilabuni, akambana hata kwenye foleni ya Komunyo. Kila mara anajibiwa utani. Na kiangazi kilichopita, Kamanda akafa usingizini, ameshiba.

Habari ilimkuta Rustika shambani. Watu walidhani atalia. Alikaa juu ya tuta akafikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyoona mlango unafunguka. Mtani wa marehemu ni nani? Yeye. Nani ana haki ya kusema lolote mbele ya jeneza, na asinyamazishwe hata na padri? Yeye. Kijiji kizima kitakuwepo, na Jonasi atakuwepo, na wazee wa ukoo wa Kamanda watakuwa wamekaa mstari wa mbele. Alijiona mjanja. Tangu azaliwe, utani ulikuwa unampiga. Safari hii fimbo ataishika yeye.

Siku ya mazishi alimwomba Adelina nguo za marehemu, akapewa koti la jeshi, kofia na mkongojo. Alipotokea nyuma ya nyumba anachechemea, ametoa tumbo, anajifuta masharubu asiyokuwa nayo, uwanja mzima ulipiga yowe. Alikuwa hodari, tusiseme uongo. Akamwigiza Kamanda anavyokunywa pombe ya mwenzake huku anamhubiria uchoyo. Akamwigiza anavyokoroma wakati wa mahubiri na kuamka kwa "Amina!" Wajukuu wa marehemu walikuwa wamelala chini kwa kicheko.

"Sasa," akasema, "nawapeleka vitani!"

"Twende, Mbio!"

Akaupitia mto, akaupitia moshi, kama Kamanda alivyokuwa anasimulia kila mwaka. Kisha akafanya ambalo Kamanda hakulisimulia. Akautupa mkongojo, kama bunduki. Akakimbia akishikilia suruali ya hewani, akajitupa kifudifudi kwenye vumbi, akaficha kichwa chini ya koti na kuacha makalio juu. Watu walikufa kwa kicheko. Mzee mmoja ilibidi apigwe mgongoni. Akainuka, akawa Marko, akamshika kola mtu asiyeonekana, akatukana yale matusi. Akapigwa tumboni. Akaanguka, akanyoosha mkono.

"Wilbroad, nipe mkono! Wilbroad, nipe mkono!"

Halafu akawa Wilbroad tena, anatazama ule mkono, anatazama kushoto, anatazama kulia, anaondoka kwa kunyata, mguu upande. Uwanja ulipasuka. Akatazama upande wa Jonasi. Jonasi alikuwa amevua miwani, anajifuta machozi ya kicheko kwa kofia.

Rustika akavua kofia ya marehemu. Akasimama wima. "Jamani, sasa sitanii. Hayo ni kweli. Aliniambia mwenyewe, kitandani, anaumwa. Kaka yangu hakukimbia."

Kicheko kikakatika. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Haya, sasa anamwigiza padri!"

Na kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza. Ni nani aliyewahi kumwona mtani msibani asiyeapa kwamba hatanii? Wote huapa. Akaapa kwa Mungu, wakapiga makofi. Machozi yakaanza kumtoka, na mwanamke mmoja akamwambia jirani yake, "Huyu anajua! Ona, machozi kabisa!"

Basi akafanya la mwisho. Wanaume walipoinua jeneza akalala njiani, mbele yao, akashika ardhi kwa kucha. "Halipiti! Halipiti mpaka watu wake waseme ni kweli!"

Lakini hata hilo lina nafasi yake. Watani huzuia jeneza. Ndivyo wanavyofanya, mpaka wapewe kitu. Mzee wa ukoo, akitabasamu, akaleta kuku.

"Sitaki kuku! Nataka mseme!"

"Kuku mdogo huyo! Ongezeni, mtani amekataa!"

Wakaleta mbuzi. Watu wanashangilia, wanahesabia bei kama mnadani. "Mbuzi jike huyo, Mbio, pokea!"

"Semeni!"

Ndipo Adelina akaja, mjane, amefungwa kitambaa cheupe kichwani. Katika uwanja ule ni yeye peke yake ambaye hakuwa amecheka tangu pale pa migombani. Akachuchumaa, akauweka mkono wa Rustika juu ya kamba ya mbuzi, akamkunja vidole juu yake kimoja kimoja.

"Pokea, mtani. Jua linakwenda." Na kwa sauti ya chini, ya kwao wawili tu: "Najua. Nimelala na yule mwanaume maisha yangu yote, ulidhani alikuwa anaota bila kuongea? Alikuwa anamwita kila masika. Lakini wanangu wanaishi hapa, Rustika. Wewe umezoea. Wao hawataweza."

Rustika alimtazama. Angeweza kupiga kelele, kumtaja, kusema jamani mjane naye anajua. Nani angesikia? Wangesema sasa amehamia kumtania mjane, na wangeleta mbuzi wa pili. Jeneza lilikuwa limesimama, wabebaji wanatoka jasho. Akashika kamba. Akasogea. Kamanda akapita, akazikwa kishujaa, koti lake likarudishwa likatandikwa juu ya jeneza.

Kesho yake, asubuhi, akaenda kwa Jonasi. Akamwamkia kwa lugha ya nyumbani, bila utani wowote usoni. "Kaka. Mwangaluka."

"Mwangaluka, dada." Jonasi akaanza kutikisika mabega. "Jana uliua watu. Ile ya makalio juu!"

"Kaka, ile ndiyo habari niliyokuletea masika ile. Ni ile ile. Wazee wa kwao walikuwa pale, hakuna aliyekataa."

Kicheko kikamtoka Jonasi polepole. Kwa muda kidogo alionekana kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali na hajui kama ageuke. Kisha akatikisa kichwa. "Hakuna aliyekataa kwa sababu mtani hakatazwi. Ulikuwa na jambo la kweli, ukalipeleka uwanja wa mchezo. Na mbuzi ulipokea, Rustika. Mbele ya kijiji kizima. Nikiita ukoo leo nitawaambia nini, kwamba tumlilie mtu wa kwenye kichekesho chako?"

Rustika akageuka, akarudi kwake.

Siku zikapita. Watoto wa Goweko wakapata mchezo mpya. Mmoja analala chini, mwingine ananyata kumkwepa, na wa chini analia, "Wilbroad, nipe mkono!" mpaka wote wanaanguka kwa kucheka. Huko nyuma Marko alikuwa mwoga asiyetajwa. Sasa anatajwa kutwa.

Mavuno ya tumbaku yalipofika, msichana mmoja akashuka kwenye treni akamkuta Rustika banini, anafunga majani kwenye fito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Levina, mama, nimetoka Igalula. Sisi ni ukoo ule ule wa Kamanda. Baba mkubwa amefariki, nimetumwa kukuchukua wewe mtani wetu. Wanasema uje na ile ya vita. Ile ya mkono."

"Huyo baba mkubwa alikwenda vitani?"

"Hapana, mama. Alikuwa fundi baiskeli."

"Sasa vita vya nini?"

Levina akaona haya kidogo. "Watu wanaipenda tu."

Rustika akaifunga ile fito mpaka mwisho, akakaza fundo, akaitundika. Angemtukana mtoto wa watu, ulimi ulikuwa umeshajiweka tayari. Badala yake akauliza kama watu watakuwa wengi. Wengi sana, Levina akasema, hata kutoka Tabora mjini.

Akaingia ndani kubadili kanga.

Huko Igalula walicheka kama walivyocheka Goweko. Alipofika pale pa mkono alilala kwenye vumbi la watu wasiomjua Marko wala sura yake, akaunyoosha, akaita. Wakacheka. Akaita tena. Kule Goweko hapo ndipo alipoinuka akawa Wilbroad anayenyata. Safari hii hakuinuka. Aliendelea kuita, na wenye kucheka wakacheka mpaka wakachoka, wakaanza kukohoa, wakaanza kutazamana, mmoja akasema imetosha sasa, mtani, inuka, na yeye bado yuko chini, mkono hewani, anaita.